Kutumika Bila Kutangaza: Mwongozo Kamili wa Huduma kwa Mkristo wa Unguja na Pemba

Alhamisi Kuu jioni, makanisa mengi ya Unguja huweka viti mbele ya altare, padri akainama na kuosha miguu ya waumini waliochaguliwa. Tuseme ukweli: miguu ile huja kanisani ikiwa imeshaoshwa. Mtu ameisugua nyumbani kwa jiwe na sabuni, amekata kucha, amevaa viatu vya sikukuu. Sina neno na ibada hiyo, ina uzito wake. Ila miguu inayohitaji maji kwa kweli usiku ule iko kwengine. Ni ya mzee wa Jang'ombe mwenye kisukari asiyeweza tena kuinama akafikia vidole vyake, au ya mama aliyelazwa hospitali ya Mnazi Mmoja ambaye bintiye amekesha naye mpaka macho yamemvimba.

Mwongozo huu unahusu miguu hiyo. Nimemwandikia Mkristo wa kawaida, asiye padri wala mchungaji: mwanakwaya, askari aliyehamishiwa Unguja kutoka bara, mhudumu wa hoteli Nungwi, mama wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), kijana wa Wete ambaye kanisani kwao waumini wote wanajuana kwa majina. Kipimo nitakachokitumia toka mwanzo hadi mwisho ni kimoja: je, huyo uliyemhudumia amebaki na stara yake? Ukimsaidia mtu halafu akabaki uchi mbele za watu, umejihudumia mwenyewe.

Kabla ya kuanza: anayeinama ni nani?

Fungua Yohana 13 na uisome taratibu, kama unavyosoma maelekezo ya dawa. Aya ya tatu, ambayo wengi huiruka, inasema Yesu alijua kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, na kwamba alitoka kwa Mungu naye anakwenda kwa Mungu. Baada ya kulijua hilo ndipo anaondoka chakulani, anaweka kando mavazi yake, anatwaa kitambaa, anajifunga kiunoni, anatia maji katika bakuli, anaanza. Aliyeinama alikuwa na hadhi yake kamili, na aliinama kwa hiari. Mtu aliyelazimishwa kuinama hajafanya unyenyekevu wowote, ameonewa.

Hapa Zanzibar jambo hilo haliwezi kupitwa haraka. Kanisa Kuu la Mkunazini limesimama palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 Sultan Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi, na ibada ya kwanza ikasomwa Krismasi ya 1877. Wageni huoneshwa alama ya duara sakafuni karibu na altare, wakaambiwa kuwa hapo ndipo uliposimama mti waliofungwa watu wakachapwa. Amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa visiwani ilitoka baadaye kabisa, 1897. Wajukuu na vitukuu vya waliopita sokoni pale wapo, na baadhi yao wanakaa nasi benchi moja.

Kwa hiyo mtu anayesimama juu ya sakafu ile akamwambia binti wa kazi za ndani, anayelala jikoni na kulipwa akikumbukwa, kwamba Mkristo mwema hujishusha, huyo anafanya kazi ya dalali. Maneno ya kujishusha jiambie wewe mwenyewe. Aliye chini yako mwambie habari ya haki yake, kisha mpe.

Hatua ya kwanza: tazama mwezi mzima, usishike kitu

Wengi wetu tukipata moto wa huduma hukimbilia kuunda kamati. Tulia. Kwa mwezi mmoja wahi kanisani nusu saa kabla ya ibada na uondoke wa mwisho. Tazama nani anafungua madirisha. Nani anafagia majani uani kwa ufagio wa chelewa kabla jua halijawa kali? Maji ya chooni yakikatika, nani anabeba ndoo? Bibi asiyeona vizuri anarudi vipi nyumbani, na nani anayemshika mkono kuvuka barabara ya Darajani? Nani hakuja wiki hii, na kuna aliyegundua?

Tazama pia nje ya ukuta wa kanisa. Mtaani kwako kuna mlango ambao haufunguliwi mpaka adhuhuri kwa sababu aliyeko ndani hana nguvu ya kuamka. Kuna duka ambalo watu wawili watatu hulipita kwa upande wa pili wa njia, kwa kuwa daftari la deni limejaa. Hayo huwezi kuyajua kwa kuuliza kwenye mkutano. Utayajua kwa kukaa barazani, kuamkia watu, na kunyamaza.

Mwisho wa mwezi uwe na orodha ya kazi. Chagua moja tu. Iwe ni kazi isiyogombewa na mtu, inayorudi kila wiki, na ambayo unaiweza hata ukiwa umechoka. Kazi ya mara moja kwa mwaka, ile ya sikukuu yenye fulana za rangi moja, waachie wengine. Hawakosekani.

Hatua ya pili: anza kama mwanafunzi

Kazi uliyoichagua huenda ina mwenyewe. Karibu kila kanisa lina mama mmoja anayefua vitambaa vya altare tangu watoto wake wakiwa skuli, na watoto hao sasa wana watoto. Usimwendee na wazo la kuboresha. Mwendee hivi: "Shikamoo bibi. Naomba unifundishe kufua vitambaa." Akikujibu, "Marahaba mwanangu, kwanza kakate hizo kucha," nenda kazikate.

Nieleze kazi hiyo kidogo, kwa sababu ni darasa zuri na wanaoijua wanapungua. Katika makanisa ya Kikatoliki na Kianglikana, vitambaa vilivyogusa mkate na divai havitumbukizwi moja kwa moja kwenye beseni la sabuni. Husuuzwa kwanza kwa maji matupu, na maji hayo humwagwa kwenye udongo safi, penye shina la mti au ua lisilokanyagwa, wala hayapelekwi kwenye mtaro wa maji machafu. Baada ya hapo ndipo unafua kwa sabuni kama kawaida. Doa la divai liwahi likiwa bichi. Nta ya mshumaa usiikwangue ikiwa laini, utaisukuma ndani ya nyuzi. Iache igande, itoe kwa ukucha au mgongo wa kisu, halafu weka karatasi juu na chini ya kitambaa upitishe pasi ya moto, nta iliyobaki itanyonywa na karatasi. Piga pasi kitambaa kikiwa na unyevunyevu. Na kwa hali ya hewa yetu, hasa masika, usikunje kitu kabla hakijakauka mpaka kwenye pindo. Kitambaa kilichowekwa kabatini na unyevu hutoka na madoa meusi ya ukungu yasiyokwisha.

Katika kazi hiyo yote hakuna atakayekupigia makofi. Waumini hugundua vitambaa siku vinapokuwa vichafu tu. Ndiyo maana naipendekeza kwa anayeanza, na hasa kwa mwanamume. Hakuna amri yoyote ya Mungu iliyosema beseni ni la wanawake, na aliyejifunga kitambaa kiunoni katika Yohana 13 alikuwa seremala.

Kama kanisa lako halina altare ya namna hiyo, vyoo havikosekani. Osha vyoo.

Hatua ya tatu: nyumbani

Fupi, maana kila mtu anajua alipo. Mtu anayebeba viti kanisani na nyumbani hainui sahani yake bado hajaanza. Ukiwa na msaidizi wa kazi za ndani, mlipe tarehe mliyokubaliana, mpe siku ya kupumzika, na umwachie aende kwenye ibada yake, ya kanisani au msikitini. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Sadaka ya Jumapili haiinyamazishi kelele hiyo.

Hatua ya nne: mgonjwa

Hapa nitakaa, kwa kuwa hapa ndipo penye makosa mengi yanayofanywa na watu wenye nia njema.

Kwanza, kabla hujaenda, uliza. Mpigie ndugu anayemuuguza, si mgonjwa. Uliza saa za kuingia wodini, mgonjwa anakula nini, na wao wenyewe wamekwama wapi. Machungwa kila mtu analeta. Kinachokosekana mara nyingi ni sabuni, kanga safi ya kujifunika, chupa ya chai yenye uji wa moto, nauli ya dala ya anayeuguza, na mtu wa kukaa pale ili yeye akaoge na kulala. "Ukihitaji chochote niambie" ni maneno matupu, muungwana hatakwambia. Sema: "Jumanne saa kumi jioni nitakuja nikae na mama, wewe nenda nyumbani mpaka saa mbili usiku." Kisha fika saa kumi.

Pili, ukiwa wodini, amkia na walio vitanda vya jirani. Wengi wao watakuwa Waislamu, na wengine wana maumivu kuliko uliyemfuata. Ukiombwa kusali, sali kwa sauti ambayo mgonjwa wako peke yake anaisikia. Kundi la waimbaji wanane kuzunguka kitanda kimoja katika wodi ya watu wengi halimfariji yeyote ila waimbaji. Usitoe ushauri wa dawa. Usisimulie habari ya mjomba wako aliyefariki kwa ugonjwa huohuo (watu hufanya hivyo, sijui kwa nini). Kama hukuja kukesha, dakika kumi na tano zinatosha.

Tatu, kazi ya mwili. Mgonjwa asiyeweza kuinuka anahitaji kuogeshwa, na hii ndiyo huduma inayofanana zaidi na ile ya chumba cha juu. Omba ruhusa yake, na kama ni hospitali, ya muuguzi. Mwanamume amwogeshe mwanamume na mwanamke amwogeshe mwanamke, isipokuwa ni jamaa wa karibu na mwenyewe ameridhia. Funga dirisha au vuta pazia. Andaa mabeseni mawili ya maji ya vuguvugu, moja la sabuni na jengine la kusuuzia, taulo, na kanga mbili. Mfunike mwili mzima, kisha ufunue sehemu moja tu unayoiosha, uikaushe, uifunike, ndipo uende nyengine. Anza na uso bila sabuni, macho uyafute kutoka upande wa pua kwenda nje. Fuata mikono, kifua, tumbo, miguu. Badilisha maji. Mgeuze ubavu uoshe mgongo. Sehemu za siri ziwe za mwisho, na kama mkono wake unaweza, mpe kitambaa ajioshe mwenyewe huku wewe umegeuka. Kwa mwanamke, kupangusa ni kutoka mbele kwenda nyuma. Ukiwa kazini, zungumza naye mambo ya kawaida, bei ya samaki, mvua, mjukuu. Usizungumze na mtu mwengine juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo.

Tazama visigino, nyonga na mfupa wa mkiani. Wekundu au weusi usioondoka ukiondoa mgandamizo ni dalili ya kidonda cha kulalia. Mwambie muuguzi, na asaidiwe kugeuzwa kila baada ya saa mbili.

Nne, miguu ya mwenye kisukari. Ningependa kila kanisa la Unguja na Pemba liwe na watu wawili wanaojua hili. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za miguu, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuungua au kuchomwa na msumari asijue. Pima joto la maji kwa kiwiko chako, usimtegemee yeye akwambie. Osha kwa sabuni laini, usiiloweke miguu muda mrefu. Kausha vizuri, hasa katikati ya vidole. Paka mafuta juu ya mguu na kisiginoni, ila katikati ya vidole usipake, unyevu wa hapo huleta fangasi. Chungulia unyayo wote kwenye mwanga. Sugu usizikate kwa wembe. Ukiona kidonda, lengelenge, uvimbe, ngozi iliyobadilika kuwa nyeusi, au ukisikia harufu, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, usingoje Jumapili umwambie padri. Mwambie asitembee peku hata ndani ya nyumba, na asiikande miguu kwa chupa ya maji moto.

Tano, ulichokiona kwenye mwili wa mtu kinabaki humo chumbani. Si cha kikundi cha maombi. Maombi mengi yanayoanza na "tumwombee fulani, maana hali yake..." ni umbea uliovaa kanzu.

Hatua ya tano: kutoa na kusitiri

Bwana alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kulia. Siku hizi mkono wa kushoto ndio unaoshika simu na kupiga picha. Kikundi kinapeleka unga wa sembe kwa mjane, mjane anasimamishwa mlangoni na mfuko kifuani, watu sita wanatabasamu pembeni yake, na kabla hawajafika njia kuu picha imeshafika kwenye makundi matatu. Mjane huyo ana watoto skuli, na wenzao wana simu.

Kwa hiyo weka masharti haya na uyasimamie. Hakuna picha ya anayepokea, hata akisema sawa, kwa kuwa mwenye njaa husema sawa kwa kila kitu. Vitu vipelekwe katika mfuko wa kawaida wa sokoni usio na maandishi ya kanisa. Apeleke mtu mmoja, magharibi inapoingia, kama anayekuja kuamkia tu. Deni la dukani lilipwe kwa kuzungumza na mwenye duka, na mdaiwa aambiwe tu kwamba limefutika. Ada ilipwe skuli. Usimlazimishe mtu aeleze shida yake mbele ya watu wengi ndipo apate. Amsikilize mtu mmoja, au wawili kwa wingi.

Mtu atauliza, na fedha za waumini tutazihesabuje kama kila kitu ni siri? Swali zuri, na wako waliojificha nyuma ya Mathayo 6 wakala fedha za maskini. Daftari liwepo. Liandikwe namba, tarehe, kiasi na aina ya msaada, bila majina. Ufunguo wa majina wawe nao watu wawili, kwa mfano padri na mhazini, na saini ziwe mbili kwa kila kinachotoka. Kinachofichwa ni uso wa aliyepokea. Hesabu isomwe wazi.

Na baada ya kutoa, usisimange. Hilo watu wa pwani hawahitaji kufundishwa na mwongozo, ila kanisani tuna namna yetu ya kulifanya: "Kanisa lilimsaidia huyo, na leo haonekani hata ibadani." Msaada uliomlipisha mtu mahudhurio ulikuwa mkopo.

Hatua ya sita: kwa majirani Waislamu

Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar watu wapatao milioni 1.89, na Wakristo katika hao ni wachache sana. Tumezungukwa na majirani ambao wana kumbukumbu ya wageni waliokuja na Biblia mkono mmoja na biskuti mkono wa pili. Wema wa Mkristo hapa huangaliwa mara mbili, na wana sababu. Usikasirike. Fanya kazi yako bila chambo: usigawe vipeperushi pamoja na mchele, usihutubie, usingoje mtu akuulize habari za Yesu ndipo umpe maji.

Mambo ya kila siku ndiyo makubwa. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana, na jiko la kanisa lisitoe harufu ya maandazi saa nne asubuhi kama linatazamana na nyumba za watu. Ukitaka kushiriki futari, tende, sukari, matunda na nazi ni zawadi isiyomtia mtu mashaka. Chakula ulichopika wewe, hasa nyama, jirani anaweza kukipokea kwa adabu asikile, na hilo lisikuumize. Msiba ukitokea, fika. Beba viti, chota maji, changia sanda au chai kupitia kwa wazee wa mtaa, wanawake wajifunike kanga au mtandio. Kwenye yanayohusu dini yao, simama pembeni kwa heshima na ufuate unachoelekezwa.

Mitaro inapoziba kabla ya masika na sheha akaita watu, nenda na jembe lako, na uchimbe pale utakapooneshwa na kijana wa mtaani ambaye umri wake ni nusu ya wako. Kuongoza huduma ni rahisi. Kufanya kazi chini ya uongozi wa asiye wa dini yako, katika jambo ambalo sifa zake zote zitaandikwa kwake, hapo ndipo utajijua.

Kuna nusu ya pili ya hatua hii, na kwa maoni yangu ndiyo ngumu. Petro alikataa kuoshwa miguu. Wapo Wakristo wakarimu mno ambao hawajawahi kumwomba jirani chumvi. Watoa siku zote, hawapokei. Jirani akikuletea halua ya Idi, ipokee, ule, na urudishe sahani na neno la shukrani. Mwanao akiugua usiku, gonga mlango wa jirani mwenye gari. Umheshimu kwa kumhitaji.

Hatua ya saba: mwenye cheo

Sehemu hii ni ya maaskofu, mapadri, wachungaji, wazee wa kanisa na wenyeviti wa kila kitu.

Frank Weston alikuwa Askofu wa Zanzibar kuanzia 1908 hadi alipofariki 1924. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, wapagazi wa Kizanzibari walipohitajika kubebea jeshi mizigo bara, aliongoza kikosi chao mwenyewe na kutembea nao. Vita ilipokwisha aliandika kupinga kazi za kulazimishwa walizotwishwa Waafrika katika himaya ya nchi yake mwenyewe, na hapo hakuwafurahisha wakubwa wa London. Mwaka 1923, mjini London, mbele ya Waanglikana waliopenda sana ubani, mavazi na Sakramenti kama alivyozipenda yeye, aliwaambia kuwa hawawezi kudai wanamwabudu Yesu aliyemo tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia Sakramenti, ikiwa hawamhurumii Yesu aliyemo katika vibanda vya maskini. Waende wakamtafute kwa waliovaa matambara na waliokata tamaa, na wakimwona wajifunge kitambaa chake wawaoshe miguu.

Na Mbweni, kwenye makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Yohana, amelala Caroline Thackeray. Alikuja 1877 kufundisha wasichana waliokombolewa utumwani na watoto wao, akaongoza skuli ile kwa takriban robo karne, na alipoacha uongozi hakurudi kwao. Alibaki Mbweni mpaka kifo chake, 1926. Najiuliza ni wangapi kati yetu tungeweza kuishi jirani na ofisi tuliyoiachia mtu mwengine bila kuichungulia.

Kwa mwenye cheo, basi, haya ya kuanzia. Pokea zamu ya kufagia kama wengine, jina lako liwe kwenye ubao. Kwenye sherehe, wahudumiwe kwanza wapishi na watoto, meza kuu ingoje. Kiti cha mbele uachie mgeni asiyejulikana. Kijana akikupinga kwenye kikao kwa hoja nzuri, sema mbele ya wote kwamba ana haki. Na anapoonewa mtu asiye na sauti, mfanyakazi aliyenyimwa mshahara au mama aliyefukuzwa kwenye chumba cha kupanga, tumia hicho cheo. Kukaa kimya kwa kisingizio cha upole si unyenyekevu, ni woga.

Hatua ya nane: kupumzika, kukataa, kukabidhi

Marko 1 inasimulia kwamba asubuhi moja Kapernaumu watu wote walikuwa wakimtafuta Yesu, naye alikuwa amekwenda mahali pasipo watu kusali. Walipompata, hakurudi. Alisema twendeni penginepo. Wagonjwa walibaki wakimngoja, na yeye akaondoka. Kwa hiyo una ruhusa ya kusema "wiki hii siwezi." Weka siku moja isiyo na huduma yoyote. Ukiona mtu anakutumia tu, kila siku nauli na kila siku sababu mpya, mkatalie kwa upole na ana kwa ana, usimkimbie.

Jichunguze kila baada ya miezi mitatu. Jina lako likisahaulika kwenye shukrani za Jumapili, ulikosa usingizi usiku ule? Unawataja wagonjwa wako kwenye mazungumzo yasiyowahusu? Umeanza kusema "bila mimi hapa..."? Umechoka na unataka watu wajue umechoka? Jibu likiwa ndiyo, usiache kazi kwa hasira. Punguza nusu, na umtafute wa kumfundisha.

Huyo wa kumfundisha umtafute hata kama mambo ni shwari. Toka siku ya kwanza jua kwamba kazi ina mwisho, mwaka mmoja au miwili. Miezi mitatu ya mwisho fanyeni pamoja: mwezi wa kwanza anakutazama, wa pili unamtazama, wa tatu anafanya peke yake. Siku ya kukabidhi mpe funguo zote, pamoja na ule wa kabati ambao kila mtu amesahau kuwa unao. Mpe daftari la vifaa, namba ya fundi wa bomba, na mahali panapouzwa sabuni kwa bei ya jumla. Mwambie kwamba pasi ina waya uliolegea. Majina ya wagonjwa mpe tu ya wale walioridhia, na umpeleke akajuane nao kwanza mkiwa pamoja.

Jumapili inayofuata kaa benchi la nyuma. Akipanga vitambaa kinyumenyume, usinyanyuke na usimkonyeze mtu. Akikuuliza baada ya ibada, mjibu. Asipokuuliza, nenda zako nyumbani.